Kibanja cha shangazi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, utandawazi unaifanya Katiba imeze mila za makabila yetu?" Mimi nimekwama kwenye hilo neno "yetu". Nani huwa anapewa nafasi ya kusema mila ni ipi?

Natoka Muleba, na kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory ilitugusa. Mwanamke alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akamuuzia mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mwanamume wa ukoo akafungua shauri, maana kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo, si kuiuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, akaishika Hati ya Haki iliyoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, pamoja na Tamko la Haki za Binadamu la 1948 na mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Akaamua kwamba mwanamke ana haki ileile ya kuuza.

Miaka michache baadaye ukoo wetu ulikaa kumjadili shangazi, aliyetaka kuuza kipande cha kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, alipe ada ya mwanawe. Nilikuwa darasa la sita, kazi yangu kupitisha kikapu cha kahawa za kutafuna. Wanaume walikaa vitini. Shangazi alikaa chini kwenye nyasi, karibu na mlango. Baba mkubwa akasema, "Hiyo Katiba yenu haikupanda mgomba hata mmoja hapa." Shangazi akatazama viganja vyake, vyeusi kwa utomvu, akajibu taratibu, "Kweli, kaka. Hata wewe hukupanda. Nilipanda mimi, na kaburi la baba napalilia mimi." Hakuna aliyesema neno. Kikapu kilinirudia kahawa zikiwa vilevile.

Nilianza barua hii nikitaka kusema mikataba na ije, hata kumi. Lakini nimeisoma tena hukumu ile. Jaji hakuufukuza ukoo: alimpa mdai miezi sita amrudishie mnunuzi zile 300,000 na kuikomboa ardhi, kama ilivyokuwa desturi anapouza mwanamume. Na shangazi mwenyewe, haki ikiwa mkononi, alimuuzia baba mdogo, kwa bei aliyoitaja yeye.

Basi jibu langu ni ndiyo, kuna kanuni imemezwa, na sijutii. Ila mimi binti wa ukoo, ambaye leo nina sehemu yangu kwenye kibanja hicho, sitamuuzia mgeni kabla ukoo haujaambiwa na kukataa, mradi kwenye kikao hicho wanawake nao wakae vitini. Nazungumzia ardhi yenye makaburi ya wazee. Kiwanja changu cha Mwanza nitamuuzia yeyote mwenye fedha.

Msomaji, Mwanza