Jibu kwa mleta uzi: saba walipinga, wawili walikubali, na makala bado ikafutwa

Mleta uzi ameuliza swali zito, naomba nilijibu kwa urefu kwa sababu nimehariri wiki (tovuti ambazo wasomaji wenyewe huziandika, kama Wikipedia) kwa miaka mingi, nyingi nikiwa mhariri wa kawaida na moja nikiwa mkabidhi, yaani mhariri aliyeongezewa mamlaka. Kwa waliochelewa kufika: ndugu yetu aliandika makala kuhusu shule aliyosoma sekondari, ikapelekwa kwenye mjadala wa ufutaji, watu saba wakasema ibaki, wawili wakasema ifutwe. Mkabidhi akafunga mjadala na kuifuta. Swali lake ni hili: ikiwa wiki ni ya jumuia, mkabidhi kapata wapi ubavu wa kuwapuuza watu saba?

Nianze na lile ambalo hutalipenda, mkuu. Kwenye Wikipedia na wiki nyingi zilizoiga utaratibu wake, mjadala wa ufutaji si uchaguzi. Maoni hayahesabiwi, yanapimwa. Anayefunga mjadala anatakiwa kusoma nani kasema nini, kanuni ipi imetajwa, na vyanzo gani vimeletwa mezani. Mtu akiandika "Ibaki, hata mimi nilisoma hapo", amesema kweli tupu, lakini hajatuonyesha gazeti, kitabu wala ripoti iliyowahi kuiandika shule hiyo. Na shule zina historia ndefu ya ubishi. Wikipedia ya Kiingereza kwa miaka mingi ilikuwa na mazoea ya kuiacha makala ya shule yoyote ya sekondari iliyothibitika kuwapo. Mwaka 2017 jumuia ikajadili upya na kukubaliana kwamba kuwapo tu hakutoshi, lazima vyanzo vinavyojitegemea viwe vimeizungumzia. Kwa hiyo watu saba walioandika sentensi moja moja wanaweza kuzidiwa na wawili waliotafuta vyanzo wakarudi mikono mitupu. Kufungua akaunti ni bure na ni dakika chache. Idadi ya vichwa ingekuwa ndiyo hoja, kila mbishi angekuja na darasa zima.

Sijasema mkabidhi wako alikuwa sahihi. Ninachotaka kujua ni kama aliandika sababu. Mkabidhi anayefunga mjadala kinyume cha walio wengi anadaiwa maelezo: hoja za hawa nimezipa uzito huu kwa sababu hii, za wale nimeziacha kwa sababu ile. Akiandika neno moja, "Imefutwa", basi hapo una kesi, hata kama uamuzi wenyewe ungekuwa wa haki.

Sasa kuhusu ubavu. Mkabidhi ana vitufe ambavyo wewe na mimi hatuna: anaweza kufuta ukurasa, kuulinda usihaririwe, na kumfungia mtu. Basi. Vitufe hivyo havimpi sauti ya pili kwenye mjadala wa maudhui. Jimmy Wales mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa Wikipedia, aliwaandikia wenzake Februari 2003 kwamba ukabidhi si jambo kubwa, ni kazi tu anayopewa mtu aliyehariri kwa muda na kuaminika. Tangu hapo kazi hiyo imekua mpaka imekuwa cheo. Leo Wikipedia ya Kiingereza inamchuja mgombea kwa siku saba, akipata chini ya asilimia 65 kwa kawaida ameanguka, akivuka 75 amepita, katikati hapo wapo wanaokaa kuamua. Ona jambo hili: mtu anapigiwa kura, makala inajadiliwa.

Lakini kanuni ninayoithamini kuliko zote ni fupi: ukiwa umo ndani ya ugomvi, usiguse vitufe. Ukibishana kuhusu makala, mwache mkabidhi mwingine ailinde, aifunge, aifute. Ukitaka kujua kama wiki inaongozwa kwa maafikiano au kwa amri, angalia kama kanuni hiyo inaheshimiwa. Nitatoa mfano niliouona kwa macho.

Niliwahi kuwa mkabidhi kwenye wiki ndogo ya wapenzi wa muziki wa dansi. Jina naliacha. Tulikuwa wakabidhi watatu: mwanzilishi, ambaye pia ndiye aliyekuwa akilipia seva, mimi, na dada mmoja wa Mombasa. Tulikwama kwenye bendi moja. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, chama kilipobadilika ikawa JUWATA Jazz, baadaye OTTU Jazz, na leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Je, hiyo ni makala moja au nne? Waliotaka moja, nami nikiwemo, tulisema bendi ni ileile, ngoma ni ileile, jina limefuata mwajiri. Waliotaka nne walisema santuri zimeandikwa majina tofauti, mwenye santuri ya JUWATA atatafuta JUWATA, na tena mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake walihamia bendi ya Mlimani Park, kwa hiyo huwezi kusema ni kitu kimoja kilichonyooka tangu mwanzo hadi leo. Hoja nzuri, pande zote mbili.

Mjadala ulikuwa unaenda vizuri ajabu. Mzee mmoja mwenye hazina ya santuri nyumbani alikuwa akituwekea picha za lebo moja moja, anaeleza nani anaimba, nani anapiga solo, na hata wabishi wakali walianza kumsikiliza. Tulikuwa tunaelekea mahali: makala moja kuu, sehemu moja kwa kila jina, na kurasa za kuelekeza ili anayetafuta jina la zamani afike palepale. Hakuna aliyepata kila alichotaka. Maafikiano huwa hivyo, mtu anabaki na dukuduku lake lakini anaona amesikilizwa.

Jioni moja mwanzilishi akaigawa makala mara nne, akazilinda zote nne, na kwenye muhtasari wa hariri akaandika neno moja: "Nimeamua." Historia ya ukurasa inaonyesha yote hayo yamefanyika kwa dakika chache, na mjadala uko palepale, haujafungwa, mzee wa santuri ndiye aliyeandika mwisho, anaahidi picha nyingine kesho.

Mimi sikuweza kugusa kitu kwa sababu nilikuwa upande mmoja wa ugomvi. Yule dada, ambaye hakuwa amesema lolote kuhusu moja au nne, akaondoa ulinzi, akarudisha makala ilivyokuwa kabla ya ugomvi wote, na akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba mjadala bado uko wazi, mwenye chanzo akilete. Hakuja upande wetu. Aliyaondoa mamlaka kwenye hoja, akaziacha hoja zenyewe zishindane. Namheshimu mpaka leo kwa maandishi yale machache. Kabla juma halijaisha mwanzilishi alikuwa ameshamvua ukabidhi kupitia seva, ambako sisi wengine hatukuwa na mkono. Mzee hakuandika tena. Na wengine wakafuata.

Ndiyo maana, mkuu, kila nikisikia mtu analalamika kuhusu mkabidhi huwa nauliza kwanza: wapo wangapi, na nani anaweza kumvua? Kwenye wiki yenye wakabidhi mia, mbabe mmoja atakutana na wenzake. Kwenye wiki yenye wakabidhi watatu au wanne, hao ndio sheria, na mbaya zaidi ni kwamba watakuambia ni maafikiano. Watakuwa sahihi, kwa sababu waliobaki wote wanakubaliana.

Hilo liliwapata Wakroatia. Kwa takriban miaka kumi, kuanzia karibu 2011, Wikipedia ya Kikroatia ilishikwa na kundi dogo la wakabidhi wenye mrengo mkali wa kulia. Makala kuhusu utawala wa mafashisti wa Ustaša wa wakati wa Vita Kuu ya Pili na kambi yao ya mateso ya Jasenovac ziliandikwa kwa namna ya kulainisha mauaji. Aliyepinga alifungiwa. Aliyerudi kupinga tena alifungiwa moja kwa moja. Mwaka 2013 magazeti yakalivalia njuga, na waziri wa elimu wa nchi hiyo akawaonya wanafunzi wasiitegemee. Hakuna kilichobadilika kwa haraka, na sababu inauma: utamaduni wa Wikimedia, familia ya miradi ambamo Wikipedia imo, ni kuziachia jumuia zijiamulie, na jumuia yenyewe ilikuwa imeshachujwa mpaka wakabaki wenye sauti moja. Kura zilipopigwa, akaunti bandia zilijaza pengo. Novemba 2020 ndipo mkabidhi mmoja wa kundi hilo alipofungiwa miradi yote ya Wikimedia, na 2021 Wakfu wa Wikimedia, wenye seva za miradi hiyo, ukachapisha ripoti nzima kuhusu yaliyotokea. Kufikia hapo kizazi kizima cha wanafunzi kilikuwa kimeshapita shuleni.

Kwa Waskoti tatizo halikuwa ubabe hata kidogo. Agosti 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti (Scots), maelfu kwa maelfu ya makala, iliandikwa na kijana Mmarekani asiyejua lugha hiyo, aliyeanza akiwa mtoto, na alikuwa mkabidhi. Hakuwa na nia mbaya. Hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Hayo ya Waskoti yananihusu zaidi nikiangalia Kiswahili. Wikipedia yetu ilianza 2003. Lugha hii ina mamilioni ya wasemaji kutoka Lamu hadi Lubumbashi, lakini wanaohariri kila juma na kuangalia mabadiliko ya karibuni ni wachache mno. Mwaka 2009 na 2010 Google ilifanya shindano la wanafunzi wa Kenya na Tanzania kuandika makala za Kiswahili, washindi wakapewa zawadi kama kompyuta. Makala ziliongezeka, lakini wengi wa washiriki hawakuendelea kuhariri. Kazi ya kusahihisha, kuunganisha na kufuta ilibaki kwa walewale wachache. Mkabidhi wa wiki ya namna hiyo hukata shauri peke yake mara nyingi si kwa kiburi. Anafungua mjadala, anasubiri, hakuna anayejibu. Naliona hilo kuwa hatari kubwa kwetu kuliko mkabidhi mkorofi.

Juu ya wakabidhi kuna mwenye seva, na huyo naye jumuia imewahi kumfunga breki. Mwaka 2014 Wakfu wa Wikimedia ulibishana na Wikipedia ya Kijerumani kuhusu programu ya kuonyesha picha, ukatengeneza aina mpya ya ulinzi ambayo hata wakabidhi hawakuweza kuiondoa. Wahariri waligomea jambo hilo mpaka ulinzi huo ukafutwa Novemba 2015. Na breki ya mwisho kabisa ni kuondoka na maandishi, kwa sababu leseni huria inaruhusu. Februari 2002 Wahispania walihama wakaanzisha Enciclopedia Libre, wakihofia Wikipedia ingeweka matangazo ya biashara. Mpaka leo Wikipedia haina matangazo. Wahariri wa mwongozo wa safari wa Wikitravel, pamoja na wakabidhi wao wengi, walimwacha mmiliki mwaka 2012 wakahamia Wikivoyage. Mmiliki aliwafikisha wawili mahakamani, na hakufika mbali. Sisi wa dansi nasi tulichukua makala zetu kwa haki hiyohiyo tukazipeleka kwingine.

Turudi kwa kesi yako, maana huhitaji kuhama kwa ajili ya makala moja. Mwandikie kwanza mkabidhi aliyefunga, kwenye ukurasa wake wa majadiliano, bila matusi: muulize alipima vipi hoja. Omba akurejeshee maandishi kwenye ukurasa wako wa mtumiaji, kwa sababu kilichofutwa hakijapotea, wakabidhi wanakiona. Asipojibu, au akijibu kwa ukali, omba mkabidhi mwingine aupitie uamuzi. Wiki kubwa zina ukurasa maalumu wa rufaa. Kama wiki yako ni ya Wikimedia na unaamini kuna kundi limejifungia ndani, fungua mjadala Meta-Wiki, wiki ya kuratibu miradi yote ya Wikimedia, ukiweka viungo vya kila hariri unayoilalamikia. Kuna wasimamizi wanaochaguliwa huko kila mwaka kwa angalau asilimia 80, lakini usitegemee waamue shule yako ibaki au isibaki. Hawaingilii maudhui. Na njia ya kumwita mkabidhi arudi kwenye uchaguzi ipo kwenye baadhi ya wiki: Wajerumani wanaitumia miaka mingi, Wikipedia ya Kiingereza iliikubali 2024, saini 25 za wahariri wazoefu ndani ya mwezi mmoja. Kwa kosa moja usifike huko.

Wakati huohuo tafuta vyanzo. Matokeo ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, yanathibitisha kwamba shule ipo na wanafunzi walifanya mtihani, hayaisimulii shule. Tovuti ya shule ni shule ikijisema yenyewe. Unachohitaji ni mtu wa nje aliyeiandika kwa kirefu: makala ya gazeti kuhusu kuanzishwa kwake, kitabu cha historia ya elimu kinachoitaja zaidi ya sentensi moja, tasnifu ya chuo. Kama shule ni ya kanisa au ilikuwa ya mkoloni, maktaba ya chuo kikuu huwa na kitu, na magazeti ya zamani yapo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam. Viwili au vitatu vya namna hiyo vina nguvu kuliko wanafunzi wenzako saba. Ukivipata viweke hapa, jina la chapisho, tarehe na ukurasa, nitakusaidia kuvipanga kwenye tanbihi kabla hujaomba makala ijadiliwe upya.