Kabla Hujaagiza Valvu Kubwa

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka huku Indiana, vijana wanapanga foleni kwenye karakana yetu na hedi zao mikononi, vile vichwa vya injini vinavyobeba valvu, na ombi ni lile lile: fundi, tuwekee valvu kubwa. Wengi ndio kwanza wameingia kwenye resi za drag, robo maili, mita 402 za kwenda mbele tu. Mdogo wangu unayeanza kujenga injini, au uliyeajiriwa juzi kwenye mashine za kukata siti, pale valvu inapokalia ikifunga, haya ninayokuandikia yamenigharimu pesa na misimu.

Nitashika mfano wa Chevrolet V8 ndogo, maana ndiyo utakayoishika mara nyingi. Hedi zake nyingi zina valvu ya kuingiza hewa ya inchi 1.94, yaani milimita 49.3. Inayotamaniwa ni ya 2.02, milimita 51.3. Ukipiga hesabu ya uso wa valvu, umeongeza asilimia 8, na hapo ndipo watu hutoa pochi. Lakini hewa inapita pembeni, kwenye mwanya unaozunguka ukingo wa valvu inapofunguka. Ukubwa wa mwanya huo ni mzingo wa valvu mara kimo ilichonyanyuka, na mzingo umeongezeka asilimia 4 tu. Mpaka valvu inyanyuke robo ya kipenyo chake, karibu milimita 13 kwa hiyo ya 2.02, mwanya ndio unaobana hewa. Ikipita hapo, kinachobana ni koo la tundu la kupitishia hewa, chini ya siti.

Na hizo asilimia 4 unazipata pale tu ambapo hakuna kinachoziba pembeni. Ukuta wa silinda unaziba.

Mimi niliyaona kwenye injini yangu mwenyewe. Ilikuwa 305, yaani V8 ndogo ya inchi za ujazo 305, silinda zake zina kipenyo cha milimita 95 kasoro kidogo. Nikapata kwa bei ya chini hedi zilizotoka kwenye 350, zina valvu za 2.02, nikazifunga kwa furaha bila kupima chochote. Gari likawa zito kuondoka, na karatasi ya muda unayopewa mwisho wa resi ikatoka mbaya kuliko ya wiki iliyotangulia. Nilipofungua, nikailaza hedi kifudifudi mezani. Gasketi ilikuwa imeacha alama ya duara la silinda, na ukingo wa valvu ya kuingiza ulikuwa umeusogelea ule mstari kiasi kwamba ukucha wangu haukupita kati. Kwenye 350, yenye silinda ya milimita 101.6, valvu hiyo hiyo ina mahali pa kupumulia. Kwangu, nusu ya mwanya ilikuwa inatazama ukuta.

Kosa la pili lilikuwa limejificha humo humo. Chumba cha kuwakia cha hedi zangu za zamani kilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 58, hizi nilizofunga 76. Kompresheni, yaani uwiano wa injini kukandamiza hewa, ikashuka kwa zaidi ya namba moja nzima. Kwa hiyo hedi ikija na valvu kubwa, uliza pia ujazo wa chumba, na upime mwenyewe kwa bureti, ule mrija wenye alama za vipimo, na kipande bapa cha plastiki angavu cha kufunika chumba.

Sasa nikipokea hedi, kwanza nakata siti vizuri. Nyuzi 45 pale valvu inapokalia, 30 juu yake, 60 chini, halafu nalainisha bakuli chini ya siti bila kupanua tundu ovyo. Kisha naipeleka kwenye mashine ya kupimia hewa, kwa mgandamizo wa inchi 28 za maji, na napima kila kimo, kuanzia kile cha chini kabisa. Kijana atakimbilia namba ya kimo cha juu. Wewe tazama ya katikati, maana valvu hupita vimo vya katikati mara mbili, ikipanda na ikishuka, na kileleni hufika mara moja. Mara nyingi hedi yenye valvu ya kiwandani iliyokatwa siti kwa makini huizidi yenye valvu kubwa iliyowekwa kwa haraka.

Anayebisha namwambia aende kwenye resi za NHRA, chama cha drag cha Marekani, akaangalie daraja la Stock. Huko sheria inataka valvu ya kipenyo cha kiwandani, na magari yananyanyua magurudumu ya mbele yakiondoka.

Kumbuka pia gia. Ukibadilisha kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, injini inaangukia karibu 5,000 na kuanza kupanda tena. Humo ndimo inamoishi muda wote wa resi. Tundu lililopanuliwa kupita kiasi linapunguza kasi ya hewa, na silinda haijai vizuri kwenye mizunguko hiyo ya chini.

Kuna wakati valvu kubwa ni haki yake: silinda pana, kemshafti, ile shafti ya kufungua valvu, inayonyanyua juu, injini ya kulia kwenye mizunguko mingi. Hapo usisahau uzito. Springi za zamani zitashindwa kuirudisha valvu nzito kwa wakati, itaelea, na pistoni itaikuta njiani. Ndiyo maana wenye uwezo hununua valvu nyepesi za titani.

Na usifunge kabisa bila plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, kupima nafasi kati ya valvu na pistoni. Bandika kipande juu ya pistoni, kwenye vidimbwi vilivyochongwa kuipa valvu nafasi, kipake mafuta kidogo kisinate, funga hedi na gasketi iliyokwisha kutumika, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Fungua, kata plastisini kwa wembe, pima pale palipo pembamba zaidi. Mimi nataka milimita 2 kwa valvu ya kuingiza na 2.5 kwa ya ekzosi, kwa sababu ya ekzosi hurefuka ikipata joto. Kisha tazama pembeni mwa alama: valvu kubwa inaweza kuwa na nafasi tele kwa chini na bado ukingo wake ukakwaruza ukuta wa kidimbwi. Ukiona plastisini imechanika pembeni, rudisha pistoni kwenye mashine.