Fundi, oili yangu imekuwa nyeupe

SWALI: Shikamoo fundi. Wiki iliyopita nilifungua kifuniko cha kumiminia oili nikakuta kwa ndani kimegandwa na kitu kizito, cheupe kinachoelekea manjano, kama losheni. Fundi niliyemwonyesha alitazama mara moja tu, akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ili maji yasiingie kwenye oili, imeungua na hedi lazima ifunguliwe. Gari haijawahi kuchemsha. Naenda nayo kazini na kurudi, dakika kumi hivi kila safari, na asubuhi siku hizi kuna baridi. Ni gasketi kweli?

JIBU: Marahaba. Usimruhusu mtu aguse boliti hata moja kabla hujachomoa kijiti cha oili. Umenieleza habari za kifuniko tu, lakini cha kwanza kuulizwa ni kijiti, maana kinafika chini kwenye sampu, oili yenyewe iliko.

Nalisema hili kwa uchungu. Nikiwa bado kijana kazini nililetewa gari lenye kifuniko kama chako, nikafungua hedi siku hiyohiyo. Gasketi ilikuwa nzima, kingo zake safi, hakuna hata alama ya maji kupita. Mwenye gari alilipia kazi ambayo hakuihitaji. Tangu siku hiyo sifungui hedi kwa ushahidi wa kifuniko peke yake.

Petroli ikiungua inazaa maji, takriban lita moja ya maji kwa kila lita ya petroli. Mengi hutoka kwenye ekzosi yakiwa mvuke, ila kiasi hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu. Injini ikipata moto sawasawa, mvuke huo hufyonzwa na kurudishwa kuungua. Dakika kumi hazitoshi. Mshale wa joto unapima maji ya rejeta, si oili, na oili huchelewa kupata moto kuliko maji. Kifuniko kiko juu na hupigwa na baridi, kwa hiyo mvuke hugeuka matone hapohapo, yakajichanganya na oili na kuwa hiyo losheni yako.

Basi kijiti kikiwa safi, fanya hivi. Futa kifuniko kwa kitambaa kikavu. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, weka alama kwenye tangi dogo la maji, pale maji yalipofikia, uitazame kila asubuhi kwa wiki nzima. Rejeta ya moto usiifungue kamwe, maji yatakuunguza uso. Ndani ya wiki hiyo, toka na gari mara mbili au tatu kwenye njia ndefu, nusu saa au zaidi baada ya mshale kutulia mahali pake. Kama weupe unapungua, maji hayashuki na kijiti kina oili safi, uwezekano mkubwa ni unyevu tu. Hapo badilisha oili mapema kuliko kawaida, maana safari fupi zinaichosha.

Kijiti kikitoka na weupe, usiwashe tena, hata kulisogeza tu. Livutwe. Oili yenye maji haishiki utando kati ya chuma na chuma, na dawa ya rejeta ikiingia humo inakula beringi. Injini inaweza kunoki kwa safari moja. Dalili nyingine za kutisha ni maji kupungua bila kuvuja nje, moshi mweupe wenye harufu tamu usioisha hata injini ikiwa moto, na plagi moja kuwa safi mno kuliko wenzake, kwa sababu mvuke unaiosha.

Mimi hupenda kuanzia chini. Gari likiwa limelala usiku kucha, nalegeza boliti ya sampu polepole sana, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yaliyojitenga hulala chini na ndiyo hutoka kwanza: tone la kwanza linaonekana angavu kabla weusi haujafuata. Usipoliona, usijipe moyo bado, kwani maji yaliyokwisha kuchanganyika na oili hayajitengi kirahisi.

Maji yakiwa yanapotea, mwambie fundi apime rejeta kwa presha, kisha apime gesi ya moshi ndani ya maji kwa ile dawa ya buluu inayogeuka manjano. Tena amkague mshukiwa mwingine kabla ya gasketi: kipoza oili, ambamo oili hupozwa na maji ya rejeta, kwenye injini zilizo nacho. Injini ikiwaka, presha ya oili kwa kawaida ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo oili ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukizima, presha ya oili inashuka ghafla huku maji yakiwa bado na presha yake, nayo yanapenya upande wa oili. Kukibadilisha ni kazi ndogo mara nyingi kuliko kufungua hedi.

Na kama mshale wako haufiki mahali pake pa kawaida hata ukiendesha muda mrefu, huenda thamostati, mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, imekwama wazi na injini haipati moto sawasawa. Ikithibitika ibadilishwe, na valvu ya kupumulia injini, inayopitisha ule mvuke ukaungue, ikaguliwe isiwe imeziba. Niandikie ukishachomoa kijiti, uniambie rangi yake.