Kabla hujampandisha mwanao treni ya Kigoma peke yake

Mzazi akiniuliza mtoto wa umri gani anaweza kupanda treni peke yake toka hapa Dodoma mpaka Kigoma huwa simtajii umri, namuuliza kwanza kama mwanae akipata shida anaweza kumfuata mtu mzima asiyemjua, akamwamkia, akamweleza shida yake ikaeleweka. Maana kuna watoto wana miaka 17 na kusema "shusha" tu kwenye daladala wanaona aibu mpaka wanapitilizwa kituo, na kuna wa miaka 14 ukimtuma soko la Majengo anarudi na mboga, chenji kamili na kapunguziwa bei juu. Huyo wa pili ndo wa kusafiri.

Binti yangu alienda akiwa na 16, likizo ya mwezi wa sita, kwa bibi yake mzaa baba. Baba yao Muha, mi Mgogo wa hukuhuku, kwahiyo watoto wangu nusu ya ukoo wao uko kama kilomita 800 kwa reli. Mama yangu mzazi aligoma kabisa. Yeye ukimtajia treni anakutajia Igandu, Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani ikagongana na ya mizigo humuhumu mkoani kwetu, watu 281 wakafa, na kwa wazee wa Dodoma ile siyo habari ya kwenye redio, ni misiba waliyokwenda. Sikubishana nae, hofu ya namna hiyo haibishiwi. Nilimwambia tu kwamba basi nalo linapinduka, na kwenye treni mtoto ana kitanda, ana choo, na kuna mkaguzi na askari wanapita humo ndani usiku, sasa achague mwenyewe.

Kama mwanao hajawahi kabisa kutoka peke yake anza na SGR, ile treni mpya ya umeme. Toka Julai 2024 inafika hapa Dodoma, Dar ni masaa manne hivi au pungufu, daraja la kawaida ilianza na nauli ya 31,000, na akishavuka miaka 12 hesabu ya nusu nauli isahau. Siti ina namba, kushangaa stesheni hakuna, kinachotakiwa ni kuwahi tu maana ukichelewa inakuacha kweli. Mpeleke, apokelewe Dar, arudi. Na umwache akate tiketi mwenyewe kwenye simu yako wewe ukiwa umekaa pembeni umefunga mdomo (hapa wamama wengi tunafeli).

Ile ya zamani ya kwenda bara ni somo lingine. Reli ni ya njia moja, kwahiyo treni zikikutana lazima moja isubiri stesheni ipishe nyingine, na hapo masaa yanaliwa bila mtu kukutangazia chochote, umekaa tu unaangalia mbuzi. Ndo maana usimwambie mtoto "utafika saa fulani". Ikipita hiyo saa atapanik, na wewe nyumbani utapanik zaidi yake. Mfundishe stesheni badala ya saa. Wangu nilimwandikia kwenye karatasi Bahi, Saranda, Manyoni, Itigi, Tabora, Kaliua, Uvinza, Kigoma, anaweka tiki kila ikipita, na mtoto anayejua kwamba baada ya Manyoni inakuja Itigi hata treni isimame porini masaa anajua yuko wapi kwenye dunia.

Tiketi, kwa safari ya kulala njiani na mtoto yuko peke yake mi sishauri daraja la tatu wala la kukaa. Kata la pili kulala, na ukiwa dirishani uliza kabisa kama chumba ni cha wanawake tu au wanaume tu, maana kawaida wanatenganisha ila uliza usikie kwa masikio yako. Chumba kina vitanda sita, vitatu huku vitatu huku, na hapa kuna kitu watu hawajui, kitanda cha chini mchana ni kochi la wote. Atakaa mama na watoto wake, atakaa mtu na kuku wake, we mwenye kitanda unasubiri wachoke ndo ulale. Cha juu kabisa ndo cha kijana, unapanda na begi lako unaliweka upande wa kichwani, unalala saa yoyote unayotaka, hakuna anayekukalia miguu. Joto lipo huko juu, ndiyo, lakini bora joto.

Dirisha usiku lifungwe kila mnapoingia stesheni, hata kama wenzake wanataka hewa, na simu isichajiwe karibu na dirisha wala isiwekwe kwenye kile kimeza. Mkono unaingia toka nje unatoka na simu na treni ndo kwanza inaondoka, utamfukuza nani.

Sasa Saranda. Ukifika Saranda unasikia treni nzima imeamka, kuku wa kukaanga wananyanyuliwa mpaka madirishani, wali kwenye mifuko, mayai, kila mtu anapiga kelele, na hapo ndo pesa za watoto zinapotea kistaarabu kabisa. Mtoto anatoa elfu kumi, muuzaji anatafuta chenji, honi inalia, treni inaondoka, elfu kumi imebaki Saranda. Siyo wizi hata, muda tu umeisha. Kwahiyo mpe mia tano tano na elfu moja moja za kutosha, apokee chakula kwanza mkononi ndo atoe hela, na asishuke. Narudia asishuke, kila kitu kinakuja dirishani.

Tabora ndo pa kumwelekeza zaidi ya kote. Pale mabehewa yanagawanywa, ya Mwanza yanaenda kivyake, ya Kigoma kivyake, kwahiyo treni inasogezwa mbele, inarudishwa nyuma, inakatwa, inaungwa. Mtu akishuka kunyoosha miguu akirudi akute behewa lake halipo pale alipoliacha anachanganyikiwa, mtu mzima anachanganyikiwa sembuse mtoto. Namba ya behewa aiandike au aipige picha toka Dodoma, na Tabora abaki ndani mpaka kazi yote iishe, kisha amuulize mkaguzi kwa sauti, "Shikamoo baba, hili ndo la Kigoma?" hata kama anajua jibu.

Kuhusu watu usiowajua, mi sikumwambia binti asiongee na mtu. Siku nzima na usiku kucha mko chumba kimoja halafu hamuongei? Kwetu huo ni utovu wa adabu na pia unajikosesha walinzi. Nilichofanya niliingia nae mpaka ndani, nikasalimia wote, nikakaa kidogo, nikamchagua mama mmoja aliyekuwa na mjukuu nikamwambia, "Mama, huyu mwanao anashuka Kigoma, naomba umwangalizie." Basi. Yule mama alichukua kazi kwa moyo wote, mpaka kumuuliza kama amenawa. Tena ikiwezekana muombe hivyo mbele ya watu wote mle chumbani, ili kila mmoja ajue mtoto ana mtu na ana mama anayekumbuka sura zao.

Akiulizwa na kaka mtanashati kwenye korido anaenda wapi na nani, sikumfundisha kudanganya, uongo wa mtoto unashikwa haraka. Nilimfundisha kujibu kwa ufupi kisha kugeuza. "Naenda kwa bibi, baba mdogo ananipokea. Samahani naitwa." Anarudi chumbani.

Chakula cha kupewa ndo kilitupa mjadala, maana kukataa kwetu ni kama kumtukana mtu, ila mnajua habari za juisi zinazolaza watu mpaka wanaamka hawana begi. Tulikubaliana hivi, akikaribishwa anashukuru, anasema tumbo limekataa toka asubuhi, na yeye anatoa karanga zake anakaribisha. Tumbo halibishiwi na mtu. Soda afungue mwenyewe.

Simu nilimpa kitochi, smatifoni alibaki nayo mdogo wake akafurahi sana. Kitochi kinakaa na chaji na hakuna anayekitamani. Ukishapita Itigi kuelekea Tabora ni pori tu na mtandao unakuja na kwenda, kwahiyo tulipanga apige Manyoni, Tabora, Kaliua na Uvinza, katikati ya hapo ni kimya na kimya siyo habari mbaya. Baba yao alivyokuwa anazunguka sebuleni na simu utadhani anasubiri matokeo ya form four. Nilimkataza kupiga. Ukipiga kila nusu saa unamaliza chaji ya mtoto, na unamfundisha kwamba hali ni ya hatari. Namba azishike kichwani, ya kwako, ya anayempokea, na 116 ya msaada kwa watoto ambayo ni bure.

Makaratasi ni kidogo tu, kitambulisho cha taifa cha NIDA hana mpaka afike 18, kwahiyo kitambulisho cha shule, nakala ya cheti cha kuzaliwa na kabarua kako chenye jina, sahihi na namba ya simu. Askari akiuliza huyu mtoto wa nani, anatoa. Hela nyingine mtumie akiwa ameshafika.

Kigoma awe na wapokeaji wawili siyo mmoja, na waambie kabisa treni inaweza kuingia usiku wa manane. Akifika hajaona mtu wa kwake asitoke nje ya stesheni, asikubali boda hata akiambiwa "nimetumwa na baba yako mdogo", abaki ndani kwenye mwanga karibu na wafanyakazi mpaka aone sura anayoijua.

Safari ya kurudi ndo watoto wanajisahau, wanaona wameshakuwa wenyeji. Na bibi atataka kumbebesha nchi nzima, migebuka, dagaa, mihogo, mawese. Mpigie mapema kabla hajaanza kufunga, kwa heshima zote, umwambie mtoto anabeba anachoweza kukinyanyua mwenyewe kwa safari moja bila kuita mbeba mizigo. Wa kwetu tulipatana dumu la mawese la lita tano, lile la ishirini bibi akaambiwa atalileta mwenyewe Desemba.