Kwa nini Oslo haikuzaa dola ya Palestina

Umeuliza kwa nini makubaliano ya Oslo kati ya Israeli na PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, yaliyotiwa saini Washington tarehe 13 Septemba 1993, hayakuleta dola ya Palestina. Hati ile haikuahidi dola mahali popote. Iliweka kipindi cha mpito cha miaka 5 na kuahirisha masuala mazito, yaani Jerusalem, wakimbizi, makazi ya walowezi, mipaka na usalama, hadi mazungumzo ya baadaye. Katika kipindi hicho ujenzi wa makazi uliendelea, waumini wakauawa msikitini Hebron mwaka 1994, kundi la Kipalestina la Hamas likalipua mabasi ya raia, na Waziri Mkuu wa Israeli, Rabin, akauawa na Mwisraeli mwenzake mwaka 1995. Viongozi wa pande hizo mbili walipokutana Camp David, Marekani, mwaka 2000, kuaminiana, ambako kwa maoni yangu ndiko kulikuwa mtaji pekee wa Oslo, kulikuwa kumepungua mno.