Kwa nini mtori wa Dar haufanani na wa nyumbani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilizaliwa Marangu, Kilimanjaro, katika kihamba, yaani shamba linaloizunguka nyumba, ambamo migomba, kahawa na magimbi vilisongamana hadi mlangoni. Mama alikuwa akinituma kuchuma mnafu, mboga yetu ya majani, sufuria ikiwa tayari motoni, nami nilikwenda nikinung'unika. Huu ni mwaka wa saba nikiwa mpangaji Kimara, na mtori, ile supu nzito ya ndizi, ninaoupika kwa ndizi za mchare za sokoni, ingawa nafuata hatua zote za mama, hauna ladha ile. Je, kosa ni langu? Na je, naweza kupanda mchare na mnafu uani?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Dada yetu, mkono wako hauna kosa. Kihambani mkungu ulikatwa asubuhi na ndizi zikaingia chunguni mchana, na bila shaka unaukumbuka utomvu uliogandia vidoleni wakati wa kumenya. Ndizi zinazofika soko la Mabibo zimekwisha kusafiri ndani ya lori, zikibanana kwenye joto, na kadiri zinavyokaa ndivyo wanga wake unavyogeuka kuwa sukari. Ndiyo maana mtori wako huja na utamu ambao hukuuomba. Ukwaruze ukucha kwenye kikonyo: kikitoa utomvu, nunua chane hiyo na uipike siku hiyohiyo.

Kupanda mchare uani sikushauri. Mgomba huo umezoea ubaridi wa mlimani, maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, na samadi ya zizini, na joto la pwani haliupendezi. Tena sijapata kumwona mwenye nyumba anayefurahia machipukizi ya mgomba chini ya ukuta wake.

Mnafu ni jambo jingine. Kamua matunda yaliyoiva yakawa meusi, osha mbegu, zianike kivulini, kisha zisie. Miche ikifikia urefu wa kidole, ihamishie kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini na kujazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, mahali penye kivuli cha adhuhuri. Jihadhari na maji ya kisima yenye chumvi, kwa kuwa huunguza kingo za majani. Kinga ya mvua au tumia ya bomba. Chuma ncha tu, ili shina lichipue tena.

Na usichume mapema ukaweka kwenye jokofu. Bandika sufuria kwanza, ndipo utoke uani. Mama yako hakukutuma dakika ya mwisho kwa kukuonea.