AC haipoozi na fundi anataka hela ya gesi tena

Pole mkuu. Umesema AC ya hapo kwako Mbezi Beach inapuliza upepo tu, na fundi anataka hela ya gesi mara ya pili ndani ya miezi mitano. Usimpe kwanza. Gesi ya AC haiishi kama ya jikoni, inazunguka humo humo, so ikipungua ujue kuna mahali inavuja, na akijaza bila kuziba ndo utakuwa unamlipa kila baada ya miezi. Mwambie apake povu la sabuni kwenye nati za mabomba ya shaba, pakichemka mapovu ni hapo hapo. Halafu nyie wa karibu na bahari chumvi inakula sana ile mashine ya nje.

Yangu niliambiwa kompresa (ile pampu inayosukuma gesi) imekufa ninunue nyingine, nikaita fundi wa pili, akazima umeme akafungua akanionyesha kapasita, kidude kinachotunza umeme wa kuiwashia, imevimba kama andazi, akabadilisha ikawaka, na hela aliyochukua haikufika hata robo ya ile ya kwanza. (Hiyo kapasita usiiguse mwenyewe, inakaa na umeme hata ukizima.)

Ila angalia kibandiko cha pembeni, kama imeandikwa R22 na kompresa kweli imekufa, mi nisingehangaika nayo, gesi hiyo inaondolewa sokoni dunia nzima, nunua mpya.

Filta umeosha lini lakini? Hiyo ni bure. Na hela ya kuja kuangalia mkubaliane kabla hajapanda ngazi, akibadilisha spea mdai ile ya zamani.